Kwenye chuo kidogo, tafuta kazi kabla ya kutafuta rafiki

"Shikamoo mshauri. Mimi ni msichana wa mwaka wa kwanza, nasoma kwenye chuo kikuu kidogo hapa Iringa. Nimepanga Kihesa na mwenzangu mmoja. Wiki ya kwanza chuoni nilijiandikisha kwaya, mdahalo, netiboli (sekondari nilicheza UMISSETA, mashindano ya shule) na ushirika wa maombi, halafu darasani wakanichagua CR, yaani kiongozi wa darasa. Kufika Januari nilikuwa nimeacha vyote, nimebaki na u-CR tu, na matokeo yalipotoka nina sapu moja, mtihani wa kurudia. Baba aliponiuliza nikamwambia ukweli. Akasema muhula wa pili asisikie habari ya kikundi chochote, nimekwenda kusoma. Sasa nikitoka darasani narudi geto, nashika simu mpaka usingizi unichukue. Wenzangu wana makundi yao tayari, mimi nimebaki nje. Chuo chenyewe kidogo, wote tunajuana sura, wikiendi kumepoa kabisa. Nafikiria kuhamia chuo kikubwa Dar es Salaam kwenye maisha. Je, niache vikundi kama baba anavyosema, au nihame? Na ni kweli waajiri wanaangalia haya mambo?"

Marahaba, binti. Pole na sapu. Umefanya vizuri kumwambia mzee ukweli, kwa sababu sasa unaweza kuongea naye juu ya jambo ambalo tayari analijua.

Umeuliza uache au uhame, lakini nikisoma barua yako naona kinachokuuma kiko kwingine: unajua sura za watu mia kadhaa na huna hata mmoja wa kumwamsha ukiumwa tumbo usiku. Kuacha vikundi hakutakupa mtu huyo, na basi la Dar es Salaam halitakupa. Nitaanza na sapu hata hivyo, maana isipoisha, mzee hatasikia neno lingine lolote.

Tufanye hesabu ya saa. Katika utaratibu wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha vipindi, semina, asainimenti na kujisomea. Shahada ya kwanza haipungui krediti 360. Kwa kozi ya miaka mitatu hizo ni krediti 120 kwa mwaka, 60 kwa muhula, yaani saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 za masomo unapata saa 40 kwa wiki. Wiki nzima ina saa 168. Toa 56 za kulala, toa hizo 40 za masomo, toa kama 28 za kupika, kufua, kuchota maji, kwenda sokoni na kusubiri daladala. Zinabaki 44. Hata ukiondoa ibada na simu za nyumbani, saa 35 huzikosi. Kwa hiyo mzee hayuko sahihi anapodhani kikundi kimoja kinatosha kumwangusha mtu.

Wewe lakini hukuwa na kimoja. Kwaya yenye mazoezi mara tatu pamoja na Jumapili huchukua kama saa 10. Netiboli mara tatu kwa wiki ni 6, mdahalo 3, ushirika 4, na u-CR haupungui 5 ukihesabu simu za walimu na za darasa zima. Jumla ni 28. Ukiziweka kwenye karatasi bado zinaingia ndani ya zile 35, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Saa za mwanafunzi hazikatiki sawasawa kama mkate. Kipindi kinaisha saa 10 jioni, mazoezi yanaanza saa 11. Kurudi Kihesa na kutoka tena huwezi, kwa hiyo unakaa chini ya mti unazungumza. Mazoezi yanaisha jua limeshazama, kwa kuwa Iringa giza huingia kati ya saa 12 na nusu na saa 1. Unafika geto, unawasha jiko, unakula saa 3 usiku, daftari unalifungua macho yakiwa yamefumba. Mazoezi ya saa mbili yamekula saa tano. Ukifanya hivyo siku nne au tano za wiki, saa 40 za masomo haziko tena, na hakuna siku hata moja ambayo utasema umekuwa mvivu.

Kabla hujagusa kikundi chochote, nenda kwa mwalimu wa ile kozi ujue kilichokuangusha ni koswaki, yaani alama za kazi za muhula, au ni UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Vyuo vingi hugawa 40 kwa 60. Mwenye koswaki ya 14 kati ya 40 aliumizwa na asainimenti na testi za katikati ya muhula, yaani na zile jioni nilizozieleza hapo juu. Mwenye koswaki ya 28 aliyeanguka kwenye UE ana tatizo jingine, la namna anavyojiandaa mwishoni, na hata akiacha vikundi vyote litamfuata. Dawa za hawa wawili hazifanani. Uliza pia tarehe ya sapu sasa hivi, uihesabu kurudi nyuma wiki nne, na ndani ya wiki hizo usiahidi mtu yeyote jambo la jioni.

Turudi kwenye upweke, kwa sababu hapo ndipo nadhani umeelewa vibaya mambo mawili.

La kwanza ni kwamba wenzako wana makundi yao tayari na mlango umefungwa. Makundi ya muhula wa kwanza hujengwa na woga. Watu hushikana kwa sababu wamepangwa chumba kimoja, wametoka mkoa mmoja, au walikaa benchi moja siku ya usajili. Mengi hulegea muhula wa pili, pale bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, linapochelewa na mtu anagundua nani anakopesheka na nani hakopesheki, au asainimenti ya kikundi inapofanywa na mmoja kati ya sita. Muhula wa pili ndio watu huanza kuchaguana kwa kujuana. Kuna jambo lingine la kukutia moyo. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watu wawili wakitoka kuzungumza kwa mara ya kwanza, kila mmoja hukadiria kwamba mwenzake amempenda kidogo kuliko alivyompenda kweli. Waliwafuatilia hata wanafunzi waliokuwa wakiishi pamoja bwenini, wakaona hali hiyo ikidumu kwa miezi. Unapokaa geto ukiamini kwamba hakuna anayekutaka, wako wasichana darasani kwako wanaowaza kwamba CR wao anajisikia, ndiyo maana haongei nao zaidi ya salamu.

La pili ni kwamba urafiki unakuja kwa kuchangamka. Unakuja kwa kurudi, watu walewale, mahali palepale. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alijaribu kukadiria saa zenyewe, naye mwaka 2018 aliandika kwamba inachukua takribani saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu tu awe rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe wa karibu. Sasa pima muhula wako wa kwanza. Ulikuwa na watu wa aina tano, kila kundi ukalipa wiki chache, kisha ukaondoka kabla ya kufika hata hizo 50 kwa mtu mmoja. Ulifanya kazi ya kuanza mara tano na hukuvuna popote. Kundi moja la saa nne kwa wiki lingekufikisha kwenye 50 kama wiki ya 13, yaani muhula mmoja kasoro kidogo.

Hall aliona pia kwamba saa za kuwa pamoja kwa sababu ya kazi au darasa hazijengi sana kama zile za kukaa pamoja kwa kupenda. Ndiyo maana mtu anaweza kuimba sauti ya pili kwenye kwaya mwaka mzima na asijue jina la baba wa jirani yake: wameimba wakimtazama mwalimu, wametawanyika. Saa inayohesabika ni ile robo saa baada ya mazoezi, ya kukunja viti, kurudisha mipira stoo, kutembea pamoja mpaka kituoni. Kama ulikuwa wa kwanza kuondoka ili uwahi kikundi kingine, basi ulilipa gharama yote ukaacha bidhaa dukani.

Nije kwenye udogo wa chuo, unaouona kama laana. Mwaka 1964 Roger Barker na Paul Gump walitoa matokeo ya utafiti wao kwenye shule za Kansas, kubwa na ndogo. Shule kubwa zilikuwa na shughuli za aina nyingi zaidi, kweli. Lakini mwanafunzi mmojammoja wa shule ndogo ndiye aliyeshika nafasi za wajibu mara nyingi zaidi, wakati yule wa shule kubwa mara nyingi alikuwa mtazamaji. Sababu yake utaiona ukitazama uwanja wa netiboli. Timu ni wachezaji saba, na kikosi cha safari ni kama 12, chuo kiwe na wanafunzi 600 au 20,000. Tuseme chuo chako kina wasichana 300: kila wasichana 25 timu inamhitaji mmoja. Chuo chenye wasichana 8,000 kinamhitaji mmoja kati ya zaidi ya 660, na wengine waliobaki wanashangilia. Mdahalo, gazeti la ukutani, kamati ya mahafali, mtunza fedha wa jumuiya, kote ni hivyohivyo. Kwenu nafasi zipo wazi na zinalia. Wikiendi yenu imepoa kwa sababu waliotakiwa kuichangamsha wako geto na simu.

Ndiyo maana nasema tafuta kazi. Usimwendee kiongozi wa kikundi ukauliza kama unaweza kujiunga, kwa kuwa atakujibu karibu sana, atakuongeza kwenye grupu la WhatsApp na mambo yataishia hapo. Uliza ni kazi gani haina mtu. Mwenye kazi anatafutwa asipofika. Mwanachama wa kawaida akikosa hakuna anayeona. Na mtu mwenye kazi hana haja ya kuwaza aanzeje mazungumzo, kwa sababu mazungumzo yanamfuata: "Dada, mpira uko wapi?" "Dada, umeniandika?"

Kwa upande wako ningechagua netiboli, na netiboli peke yake. Sababu ni tatu. Una ujuzi tayari, hivyo hutatumia nguvu kujifunza sheria. Watu ni wachache na ni walewale. Na ina mechi, yaani kuna tarehe ya kulenga. Kikundi kisicho na tarehe hukutana mara tatu kisha kikawa cha mtandaoni. Nenda uwanjani robo saa kabla ya mazoezi, umkute nahodha kabla hajaanza kupanga watu, umwambie wazi: "Muhula uliopita niliondoka bila kuaga, naomba radhi. Nina sapu, kwa hiyo nitaweza siku mbili kwa wiki, si tatu. Siku ya mechi naweza kukaa mezani." Hayo mambo mawili, kiasi unachoweza na kazi unayoitaka, yatakuheshimisha kuliko ahadi kubwa.

Meza ya alama naitaja makusudi. Mechi ni robo nne za dakika 15, na mezani panahitajika mwandika magoli na mtunza saa. Kinachozua ugomvi zaidi ni pasi ya kati, ile inayoanzisha mchezo: baada ya kila goli pasi inabadilishana timu kwa timu, bila kujali nani amefunga. Ukipoteza mstari mmoja kwenye karatasi, timu nzima inakusimamia kichwani. Chora safu mbili, kila pasi ya kati weka alama ya timu iliyoanza, na goli likiingia liandike kando ya alama hiyohiyo. Mtu anayeandika karatasi safi hukaa na makocha wa pande zote mbili na waamuzi, na ndani ya mechi tatu jina lake linajulikana nje ya chuo. Goti likiuma au sapu ikibana, bado uko na timu.

Iringa ina faida moja ambayo wanafunzi wengi hawaioni. Mji ni mmoja, na ndani yake kuna Chuo Kikuu cha Iringa, chuo kikuu cha Kikatoliki cha RUCU na chuo cha Mkwawa, mbali na vyuo vya kati. Mechi ya kirafiki kati ya vyuo hivi inahitaji nauli ya daladala na barua moja. Safari ya Mbeya ni habari nyingine: zaidi ya kilomita 300, saa tano au sita ndani ya Coaster kila upande, mnasimama Makambako kula. Inagharimu, lakini hakuna kitu kinacholeta watu karibu haraka kama hiyo. Ukienda na kurudi umeshakusanya saa kumi na zaidi na watu walewale 12. Timu ikipanga safari kama hiyo nje ya wiki za testi, kaa foleni ya kwanza.

Kalenda nayo ina lake. Muhula wa pili ukianza mvua bado ziko, na mazoezi yatafutwa mara kwa mara hadi Aprili iishe. Usihesabu siku hizo kuwa kikundi kimekufa. Ndizo siku za kukaa barazani mkisubiri mvua ikatike, na hizo saa zinahesabika. Mei anga inafunguka, uwanja unakauka, ndio mwezi mzuri kuliko yote. Juni na Julai baridi na upepo wa Iringa vinakaza, UE inakaribia, mahudhurio yanashuka yenyewe. Kwa hiyo weka nguvu kuanzia wiki ya kwanza hadi mwisho wa Mei. Wiki ya testi punguza kuwa siku moja. Wiki tatu kabla ya UE muage nahodha kwa mdomo, umtajie na siku utakayorudi. Muhula uliopita uliondoka kimya, na kwenye chuo kidogo kuondoka kimya kunasomwa kama dharau.

Mengine uliyoyaacha yabaki yameachwa kwa sasa. Ibada yako ya Jumapili isiguswe, hiyo siiweki kwenye hesabu ya vikundi. Kamati za katikati ya wiki zisubiri mwaka wa pili. U-CR maliza nao hadi mwisho wa muhula kwa sababu darasa lilikupa, lakini omba msaidizi mgawane: mmoja ashike walimu na ratiba, mwingine ashike fotokopi na grupu. Na ujue kwamba u-CR unakufanya ufahamike bila kukufanya upendwe. Watu wanakupigia wakiwa na shida, na wakikosa notisi wanakulaumu. Usiupime upweke wako kwa idadi ya simu unazopokea.

Kuna upande mbaya wa chuo kidogo, nami sitakuficha. Anayeonekana ana moyo hubebeshwa kila kitu. Ukifanya vizuri mezani, ndani ya mwezi mmoja watakuja na uhazini wa jumuiya, ukatibu wa mahafali na umjumbe wa bunge la wanafunzi, na kila mmoja atasema ni kazi ndogo tu. Jibu lako liwe fupi: "Nina netiboli muhula huu, niulize Oktoba." Jingine, hakuna pa kujificha. Ukigombana na mtu Jumatatu utakutana naye darasani, kantini, kanisani au msikitini, na kwenye daladala ileile ya Kihesa. Ndiyo maana nashauri kila mwanafunzi wa chuo kidogo awe na watu wawili watatu wa nje ya chuo: jumuiya ya mtaani, timu ya mtaa, mama wa genge anayejua jina lako. Siku ya maneno utapata pa kupumulia.

Na vikundi vyenyewe hufa kirahisi. Viongozi wote huwa wa mwaka wa tatu, wanamaliza Julai, Oktoba hakuna anayejua jezi ziko kwa nani wala barua ya kuomba uwanja ilipelekwa ofisi gani. Ukipata nafasi ya kusaidia netiboli kwa jambo moja la kudumu, anzisha daftari. Andika majina na simu, vifaa na vinapokaa, fedha iliyoingia na iliyotoka, timu zilizokubali mechi na nani aliyejibu. Hakikisha makamu wa nahodha ni wa mwaka wa kwanza au wa pili.

Siku moja huenda ukataka kuanzisha chako, labda cha matembezi. Mji wako una jiwe la Gangilonga, ambalo kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Kuna Makumbusho ya Boma mjini, Kalenga kwa Mtwa Mkwawa, na Isimila kama kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya. Anza kwa kutembea kabla ya kusajili. Watu sita, Jumamosi mbili mfululizo, saa na mahali palepale. Wakirudi mara ya tatu, ndipo muandike katiba ya kurasa mbili, mpate mwalimu wa kuwa mlezi, na mpeleke maombi kwa mshauri wa wanafunzi kupitia serikali ya wanafunzi pamoja na orodha ya wanachama. Wanaoanza na katiba na fulana huwa na fulana tu. Njia nyepesi zaidi ni kufungua tawi la mtandao uliopo, kama Skauti, Msalaba Mwekundu, au Roots & Shoots iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, kwa kuwa miongozo yao iko tayari.

Kuhusu michango: uliza kiasi cha muhula mzima siku ya kwanza, jezi, nauli na sherehe ya kuwaaga wahitimu vikiwa ndani. Wengi huacha kikundi kwa aibu ya kudaiwa kisha husingizia masomo. Kama huna, sema utalipa bumu likitoka, na ulipe siku hiyohiyo kabla halijayeyuka.

Kuhama. Zipo sababu nzuri za kuhama chuo: kozi unayoitaka haipo, ugonjwa, ada, familia. Upweke wa muhula mmoja siuhesabu humo. Uhamisho una kalenda na masharti ya TCU, lazima chuo kipya kiwe na nafasi na wewe uwe na sifa za kozi husika, na mkopo nao unatakiwa kuhamishwa kwenye Bodi ya Mikopo. Ukifanikiwa, utafika ukiwa mwaka wa pili, kati ya maelfu, mahali ambapo timu imeshajaa, ukianza kuhesabu saa 50 kutoka sifuri. Subiri mpaka Julai. Kama umekaa na kundi moja muhula mzima na bado roho inakataa, niandikie tena tulipime kwa upya. Nitakusikiliza bila kukulaumu.

Waajiri: cheti cha ushiriki hakina uzito, kila mtu anacho. Kinachosaidia ni jambo unaloweza kulisimulia likaeleweka, kwa mfano kwamba ulitunza fedha za timu ya watu 12 kwa mwaka mmoja na ukakabidhi daftari lisilo na deni. Na kinachosaidia zaidi ni mlezi anayekujua kwa jina. Akiombwa kukuandikia barua ataandika juu yako, siyo juu ya "mwanafunzi wetu". Kwenye chuo kidogo jambo hilo linawezekana kwa kila anayejituma.

Kwa mzee, usimpigie kumwomba ruhusa ya netiboli. Yeye hana ugomvi na mpira, anaogopa udisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, akiwa ameshauza mahindi kukulipia ada. Mpigie ukiwa na matokeo mkononi, umtajie kozi, tarehe ya sapu na siku ulizotenga. Kisha mwambie: "Baba, nimeacha vitatu. Mbali na u-CR nabaki na kimoja, siku mbili kwa wiki, na testi ya kwanza ikitoka nitakutumia alama. Ikiwa chini ya nusu naacha." Ahadi hiyo itimize kweli. Akikataa, maliza sapu kwanza, umletee matokeo, ndipo uombe tena.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Kukaa na simu mpaka usingizi uje kunaweza kuwa upweke wa kawaida, na kunaweza kuwa dalili ya sonona. Kama kwa wiki mbili mfululizo umekosa usingizi au unalala kutwa, chakula hakipiti, unalia bila sababu, unaacha vipindi, au vitu ulivyovipenda havina ladha tena, nenda ana kwa ana kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo, na wakiona inafaa watakupeleka hospitali ya rufaa ya mkoa. Likikujia wazo la kujidhuru, usisubiri kesho: mwambie mtu aliye karibu nawe saa hiyohiyo, mwende wote hospitali. Na akitokea kiongozi, kocha au mwalimu akakupa nafasi kwenye timu au safari kwa masharti ya mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Tunza ujumbe wake, nenda dawati la jinsia la chuo, au piga 113 ya TAKUKURU, ni bure.

Kitu kimoja kimenishangaza kwenye barua yako. Una mtu unayelala naye chumba kimoja Kihesa, na umemtaja kwa maneno matatu tu: "na mwenzangu mmoja". Hukusema anaitwa nani, anasoma nini, wala kama mnakula pamoja. Mnaweza kupata zile saa 50 kwa wiki nne tu mkiacha kupika vyungu viwili. Jumamosi hii mwombe mwende sokoni pamoja, mnunue mchele, maharage na mkaa wa wiki nzima, mgawane zamu, na siku ya zamu yako simu ikae kwenye chaji mpaka vyombo vioshwe.